Daftari la Agosti: kubashiri Ravens na Washington

Jumapili, 13 Agosti 2023

Jana Ravens, timu ya Baltimore kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, wamewafunga Eagles wa Philadelphia 20–19. Huo ni ushindi wa 24 mfululizo katika mechi za maandalizi ya msimu. Mara ya mwisho kufungwa mwezi kama huu ilikuwa 2015. Rekodi ya zamani ilikuwa 19, ya Green Bay ya kocha Vince Lombardi kati ya 1959 na 1962.

Kwa mgeni wa daftari hili: mradi wangu wa kiangazi ni kubashiri mechi za NFL za Agosti, zile zisizohesabiwa kwenye msimamo. Sharti ni moja, naandika namba zangu kwanza, odds za kampuni natazama baadaye. Naishi Maryland, na hapa kubeti kwa simu kumeruhusiwa tangu Novemba 2022. Hii ndiyo Agosti ya kwanza mtu kutia mkeka wa Ravens akiwa kwenye kochi lake, na kila ninapopita nasikia hesabu ni moja tu: ishirini na nne.

Basi nimeikalia hiyo ishirini na nne. Kama kila mechi ingekuwa shilingi ya kurusha, kushinda zote kungetokea mara moja katika zaidi ya milioni 16. Kwa hiyo si bahati tupu. Tuseme Ravens wana asilimia 70 kila mechi: bado ni mara moja katika 5,200 hivi. Hata ukiwapa 85, ni mara moja katika 49. Kuna kitu wanafanya ambacho wenzao hawafanyi. Mimi naona ni kocha wao, John Harbaugh mwenyewe. Kabla ya kuja Baltimore alikuwa kocha wa vikosi maalumu pale Philadelphia, vile vya kupiga na kurudisha mipira ya teke, na Agosti mechi nyingi zinaamuliwa na vijana wa vikosi hivyo. Anachukua mechi hizi kwa uzito, wakati makocha wengine wanasubiri tu saa iishe bila mtu kuumia.

Lakini wachezaji walioanzisha mfululizo ule 2016 wengi hawapo tena. Ushindi wa 24 hauingii uwanjani kuokota mpira.

Jumatano, 16 Agosti

Mechi ijayo ni Jumatatu, Ravens ugenini kwa Washington. Wiki hii Washington wamekuja Owings Mills, kituo cha Ravens, kufanya mazoezi ya pamoja nao. Hili nimelipigia mstari mara mbili. Timu zikishafanya mazoezi ya pamoja, kocha anakuwa ameshawaona nyota wake wakipambana na wageni, na siku ya mechi anaweza kuwaweka benchi bila wasiwasi.

Ravens wana sababu zaidi ya kuogopa. Agosti 2021, kwenye uwanja huu huu wa Washington ulioko Landover na dhidi ya Washington hii hii, walishinda 37–3 wakavunja rekodi ya Lombardi. Usiku huohuo mkimbiaji wao J.K. Dobbins aliumia goti, akakosa msimu mzima, na timu ikashinda mechi 8, ikafungwa 9, ikabaki nje ya mtoano. Nyota wao Lamar Jackson, kwotabeki (mpiga pasi mkuu), simuoni akicheza Jumatatu hata dakika moja.

Jumamosi, 19 Agosti

Kocha wa Washington, Ron Rivera, amemtangaza Sam Howell kuwa kwotabeki wake wa kwanza. Kijana alichaguliwa raundi ya tano ya kugawana wachezaji wapya mwaka jana, na mechi ya ligi aliyoanza ni moja tu, ile ya kuwafunga Dallas 26–6. Anahitaji kucheza. Mratibu mpya wa mashambulizi, Eric Bieniemy, ametoka Kansas City na anataka mfumo wake uonekane. Klabu imepata mmiliki mpya Julai, na Rivera ana misimu mitatu bila hata mmoja wa kushinda zaidi ya kufungwa. Ukiniuliza nani ana njaa usiku wa Jumatatu, sitafuti mbali.

Halafu robo ya nne, inayochezwa na akiba, ambayo kwangu ndiyo mechi yenyewe. Nyuma ya Howell kuna Jacoby Brissett, aliyeanza mechi 11 akiwa Cleveland mwaka jana, kisha Jake Fromm, aliyewahi kuanza mbili akiwa Giants. Hiyo ni akiba nzito. Ravens wana Tyler Huntley, na Josh Johnson mwenye miaka 37 ambaye amezunguka timu nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi hii. Hapo sioni Ravens wakiwazidi wenzao.

Namba zangu: Ravens asilimia 48, Washington 52. Alama: Washington 20, Ravens 17.

Kwa wanaopenda handikapu, yaani dau ambalo timu dhaifu inaongezewa pointi: odds ya 1.91, ambayo ndiyo ya kawaida huku, inakutaka uwe sahihi zaidi ya asilimia 52.4 ili usile hasara. Yaani 52 yangu haitoshi hata kununulia kahawa. Kwa kampuni, dau ni sifuri.

Jumapili, 20 Agosti

Kinyozi wangu, Mkenya wa Mombasa, amenisikia nikizungumza habari za Rivera akazima mashine. "Ndugu yangu, Ravens Agosti hawafungwi. Weka kumi. Wakifungwa, nakupa ishirini."

Kumi kwa ishirini ni odds ya 3.00, inayonitaka niwe sahihi mara moja katika tatu tu. Mimi nina 52. Nimeweka kabla hajamaliza upande wa kushoto. Tumekubaliana kitu kimoja: ikiwa sare, kila mtu na hela yake, maana tangu 2021 mechi hizi hazina dakika za nyongeza.

Jumatatu, 21 Agosti, usiku

Washington 29, Ravens 28.

Lamar hakucheza. Howell alipiga pasi 25, zikafika 19, mbili za tachidauni (mpira kufika mwisho wa uwanja wa wapinzani), na kwa kweli alionekana kama mwenye kazi. Upande wa pili Josh Johnson alimpata mchezaji mpya Zay Flowers kwa tachidauni, na nilikumbuka kwamba miaka 37 si ugonjwa. Terry McLaurin wa Washington aliumia kidole cha mguu, jambo ambalo makocha wanalala wakiliota.

Mwishoni Washington wako nyuma 26–28, mpira uko mikononi mwa wachezaji wa akiba, nusu yao wiki ijayo watakuwa wanatafuta kazi. Sekunde tisa zimebaki, Joey Slye anapiga teke la yadi 49, la pointi tatu. Limepita.

Jumanne, 22 Agosti

Alama zangu zilikuwa na jumla ya pointi 37, mechi imetoa 57. Kubashiri jumla ya pointi nakuacha kwa sasa mpaka niwe na njia ya kuhesabu ulinzi wa akiba, ambao hakuna anayeutangaza.

Kinyozi amelipa. Amesema Ravens sasa watakuwa na msimu mbaya. Nimemwonyesha ukurasa wa nyuma wa daftari: Detroit 2008 walishinda mechi zote nne za Agosti, wakafungwa zote 16 za ligi. Cleveland 2017, vivyo hivyo, nne kwa sifuri halafu sifuri kwa 16. Hakushawishika.

Jumamosi Ravens wanakwenda Tampa, mechi ya mwisho kabla vikosi havijapunguzwa kutoka watu 90 hadi 53. Nimeandika Tampa 20, Ravens 16. Dau sijaweka, ila kinyozi ameshauliza.