Nyumba ya Camondo

Leo nimeshinda katika nyumba ya mtu aliyefariki mwaka 1935, na viti vyake bado viko pale pale alipoviacha. Ni nambari 63, mtaa wa Monceau, Paris.

Mwenye nyumba ni Moïse de Camondo, Myahudi mzaliwa wa Istanbul, wa ukoo wa wenye benki. Alibomoa jumba alilorithi kwa wazazi wake, akamwita msanifu René Sergent, na kati ya 1911 na 1914 likasimama hili, lililoiga Petit Trianon, jumba dogo la kifalme la Versailles. Ndani akajaza samani za Ufaransa za karne ya 18: makabati, saa, mazulia yaliyofumwa kwa ajili ya wafalme. Vyumba vya wageni nilivipita haraka. Dhahabu ikizidi, jicho huchoka.

Jikoni ndiko nilikokaa. Liko chini kabisa, kuta za vigae vyeupe, sufuria za shaba zimepangwa kwa ukubwa, na jiko la chuma ambalo lingetosha kupikia harusi. Pembeni kuna chumba ambamo watumishi walikula. Ukiwa juu kwenye mazulia huoni dalili yoyote kwamba kuna watu walishinda huku wakitoka jasho. Nadhani ndivyo tajiri alivyotaka.

Juu, karibu na chumba cha chakula, kuna chumba kidogo chenye makabati ya sahani za kaure za Sèvres. Kila sahani ina ndege wake, na jina la ndege limeandikwa nyuma. Inasemekana Moïse akiwa hana wageni alikula humo, peke yake na ndege wake. Mkewe alikwisha kuondoka zamani. Mwanawe wa pekee, Nissim, alikuwa rubani, akauawa angani Septemba 1917. Nyumba yote ilikuwa inajengwa arithi yeye.

Hapo ndipo Moïse alipoandika wosia, kama mtu anayeweka nyumba wakfu: jumba na vilivyomo viende kwa umma, liitwe kwa jina la Nissim, na vitu visihamishwe. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1936. Binti yake, Béatrice, alikuwa hai, ana mume na watoto wawili. Sidhani kama alilalamika. Alikuwa na kwake.

Desemba 1942, Ufaransa ikiwa mikononi mwa Wajerumani wa Hitler waliowasaka Wayahudi, Béatrice alikamatwa pamoja na binti yake, Fanny. Alikuwa ameshabatizwa akawa Mkatoliki. Kaka yake alifia vita vya Ufaransa, baba yake aliipa nchi nyumba nzima na kila kijiko kilichomo. Havikumsaidia. Yeye, Léon Reinach baba wa watoto wake, Fanny na mwanawe Bertrand walifungiwa kambi ya Drancy, nje kidogo ya Paris, kisha wakasafirishwa kwa treni hadi Auschwitz, kambi ya mauaji. Hakuna aliyerudi. Ukoo wa Moïse ukaishia hapo, miaka michache tu baada ya wageni wa kwanza kukata tiketi kuja kuona sahani zake.

Ukiyajua hayo, nyumba inakera kidogo. Kila kitu kimetunzwa mno. Nilimwona mlinzi akimkaripia mtoto aliyenyoosha kidole karibu na kiti, nami nikakasirika kuliko ilivyostahili, maana mlinzi anafanya kazi yake.

Majina ya waliouawa yako kwenye kibao cha mawe pale langoni, na watu wengi huwa wameshika simu wakitafuta tiketi wanapokipita. Mimi nilikisoma wakati wa kutoka. Kinasema walipelekwa na Wajerumani. Ni kweli. Ila Drancy ililindwa na askari wa Ufaransa wenyewe, na hilo kibao hakilisemi. Wosia wa mzee ulikataza kuhamisha samani, haukukataza kuongeza mstari mmoja kwenye jiwe.