Tope la Lambo Ndani ya Saruji

Kiangazi kilichopita nilifika kwenye lambo moja wilayani Nachingwea, ambako wanakijiji walikuwa wamemaliza kuzoa tope na kulirundika ukingoni bila kujua pa kulipeleka. Mzee mmoja, aliposikia kwamba mimi ni fundi mwashi, aliniuliza: "Mwanangu, tope hili laini kama unga haliwezi kuchanganywa na saruji?" Nilisita kumjibu, kwa kuwa nilikwisha kulijaribu jambo hilo nikaumbuka.

Wakati huo nilikausha tope, nikalichekecha na kuliweka mahali pa sehemu moja kati ya kila tano za saruji ya kufyatulia tofali. Mchanganyiko ulikunywa maji kupita kiasi na kuchelewa kushika, na tofali zilimong'onyoka pembe nilipozinyanyua. Kosa lilikuwa langu, maana chembe za tope bichi ni ndogo mno na hung'ang'ania maji, na majani na mizizi iliyooza ndani yake huzuia saruji isikaze inavyopasa.

Kinacholibadili tope ni moto. Udongo wa mfinyanzi uliomo, hasa ule wenye madini ya kaolini, ukichomwa kwa nyuzi 600 hadi 850 hivi za Selsiasi, hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, na mpangilio wake huvurugika kiasi cha kuwa tayari kuungana na chokaa. Saruji nayo, inapokutana na maji, huzalisha chokaa ambayo huongeza nguvu kidogo tu; udongo uliochomwa na kusagwa laini huidaka chokaa hiyo, zikafanya pamoja gundi ileile inayoshikilia zege. Joto likizidi sana, madini hujipanga upya na unga hubaki kama mchanga wa kawaida. Waroma walipata kazi hiyohiyo kutoka kwenye majivu ya volkano ya Pozzuoli, Italia, na ndiko lilikotoka jina pozolana, yaani unga unaoungana na chokaa namna hii.

Faida ya tope ni moto mdogo na hewa ya ukaa kidogo: klinka, yaani vinundu vinavyosagwa kuwa saruji, huhitaji nyuzi 1,450 hivi, na jiwe la chokaa lenyewe hutoa hewa ya ukaa linapochomwa, ilhali kaolini hutoa mvuke wa maji. Hata hivyo, faida hiyo itapotea iwapo tutakata miombo ili kuchoma tope. Kwetu Kusini ningeanza na maganda ya korosho, ambayo mafuta yake huwaka kwa ukali, ingawa moshi wake huwasha macho na koo (aliyewahi kubangua korosho kwa kuchoma anaujua), kwa hiyo tanuri lazima liwe na bomba refu na likae mbali na nyumba.

Kiasi cha kuanzia, kwa maoni yangu, ni asilimia 10 hadi 20 ya saruji, kwa lipu na tofali za kusakafia ua pekee. Nguzo na mikanda ya zege zisubiri vipimo. Mchanganyiko huu hukawia kupata nguvu siku za mwanzo, hivyo fundi mwenye haraka ya kufungua mbao atajuta, na kumwagilia maji kusikatishwe mapema.

Mzee nilimwomba viroba viwili vya tope. Nimekwisha kulichoma na kulisaga, na vipande vya majaribio vimo ndani ya pipa la maji vikingoja siku ya 28, nitakapovipeleka kuvunjwa ili kupima nguvu yake.