Tyuna ya osileta zangu

Ganuni ya mjomba, ala ya nyuzi ya taarabu, haikubali uongo. Nikiwasha sintesaiza yangu ya moduli (ala ya umeme ya vipande vinavyounganishwa kwa waya) pembeni yake, hapa Mkunazini, Unguja, osileta, kipande kinachozalisha sauti, ikipotoka kidogo tu mjomba ananyanyua vidole kwenye nyuzi na kunitazama.

Nilianza na tyuna, kifaa cha kupima kama sauti iko sawa, ya kubana, ile ya shingo ya gita. Haikusoma kitu: inafuata mtikisiko wa mbao, na osileta ni umeme mtupu. Programu ya simu ilifaa, mpaka mvua ya masika ilipopiga bati.

Nimeishia kwenye tyuna rahisi ya mezani yenye tundu la waya. Naiingizia wimbi la umbo la pembetatu kutoka kwa osileta, kwani la umbo la msumeno huifanya sindano iyumbeyumbe. Napunguza nguvu kwanza. Moduli hutoa kama volti 10, na tyuna imezoea gita.

Nilichokazania dukani ni mizani ya senti, vipimo vidogo vya sauti: mia moja hufanya nusu sauti. Tyuna ya taa tatu haitoshi kwa taarabu, maana robo ya sauti ni senti 50 na nataka kuiona. Naacha mitambo ipate moto nusu saa, halafu napanda oktava: mitikisiko 110, 220, 440 kwa sekunde. Jana, ile 440 ilizidi senti 6. Mjomba alishaisikia kabla ya sindano.