Nyuma ya Magunia ya Mkaa

Mwaka 2017 makutano ya TAZARA, jijini Dar es Salaam, yalikuwa vurugu tupu. Barabara ya juu ilikuwa inajengwa, mabati yamezungushwa kwenye nguzo, na magari yote yaliyotoka Gongo la Mboto, Ukonga na uwanja wa ndege kwenda mjini yalibanwa kwenye kinjia cha vumbi kilichohamishwa leo huku, kesho kule. Kwa upande mwingine, Barabara ya Mandela inaleta malori ya makontena kutoka bandarini, mengine ya Zambia, mengine ya Kongo, na dereva wa lori la namna hiyo hana haraka na hana simile. Ukipanda daladala Banana alfajiri unaweza kufika Posta watu wameshakunywa chai ya saa nne, nawe umesimama njia nzima na kwapa la mtu liko puani.

Ndiyo maana nikanunua baiskeli. Wenzangu ofisini walidhani ni mambo ya kupunguza mwili, na mmoja akaniuliza kama daktari ndiye aliyeniandikia. Hapana. Nilikuwa nachelewa, na mhasibu mkuu alikuwa na daftari lake la wachelewaji ambalo hakulisahau nyumbani hata siku moja.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Kwetu mtu mwenye baiskeli haulizwi kitu. Mwalimu anayo, nesi anayo, katekista anayo. Nilijifunzia kwenye Phoenix ya baba, nimepitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti kilikuwa usawa wa kifua changu, na nilipoanguka mama alikimbilia kwanza kuangalia kama taa ya baba imepona. Dar es Salaam nikakuta habari nyingine. Huku baiskeli ni ya muuza samaki anayetoka Feri, ya muuza madafu, ya kijana wa mikate. Ni chombo cha mtu mwenye mzigo. Mwanamke aliyevaa suruali ya kitambaa na kiatu cha ofisini, keria tupu, hawakujua wamweke kundi gani. "Anti, gari limeharibika?" Hilo lilikuwa la wastaarabu. Wengi waliuliza tu: "Dada, unauza nini?"

Na mlinzi wa jengo letu alikuwa wa kundi hilo la pili. Jengo lenyewe silitaji; liko Posta, lina ghorofa nyingi na maegesho chini. Magari ya wakubwa yaliingia, pikipiki ya mpeleka barua iliingia, baiskeli yangu hapana. "Utaratibu, dada." Nikimwomba anionyeshe huo utaratibu ulipoandikwa, anacheka na kuniambia utaratibu hauandikwi. Siku moja nilipong'ang'ania, alichukua kile kioo chao chenye mpini mrefu, cha kukagulia chini ya magari, akakipitisha chini ya baiskeli yangu taratibu kabisa, mbele na nyuma, kisha akanirudisha nje. Nikawa naifunga kwa mnyororo kwenye mti ulioko ng'ambo ya barabara, na kumlipa kijana wa kung'arisha viatu aitupie jicho. Kengele ilishaibiwa. Pampu pia.

Sasa asubuhi hiyo ninayotaka kuisimulia.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, siku ya kufunga hesabu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kidogo, kile kiasi cha kuligeuza vumbi kuwa utelezi bila kulisafisha. Nilitoka Ukonga kungali giza, shati jeupe nimelikunja ndani ya mfuko wa rambo, nikapita Majumba Sita, nikapita uwanja wa ndege, naendesha pembeni kabisa pale lami inapokatika meno. Watu wanaofikiri pembeni ndiko salama hawajawahi kupanda baiskeli Barabara ya Nyerere. Pembeni ndiko daladala inakosimama, ndiko bodaboda inakorudi kinyume, ndiko madirisha yanakotema mate na kutupa chupa za maji.

Karibu na Jeti, Kosta moja ilinipita kwa kasi, nikasikia konda akipiga bodi na kuita "Shusha!" Dereva akakata kushoto hapohapo, mbele yangu. Nilikuwa na ubavu wa gari upande mmoja na ukingo wa lami upande wa pili. Tairi la mbele likadumbukia, usukani ukageuka, nikajikuta chini. Abiria aliyekuwa anashuka aliniruka, akasema "samahani" bila kugeuka, akaenda zake.

Konda akachungulia. "Anti, hii barabara ya magari! Kaendeshe Shinyanga huko!"

Alikosea mkoa mmoja tu.

Gari likaondoka. Watu wakajaa, maana Dar mtu haanguki peke yake. Mmoja akaniambia ningeshika namba za gari. Mwingine akasema hata ningezishika, ingesaidia nini. Wa tatu, kijana mwenye spika za masikioni, akauliza hewani mwanamke na baiskeli wapi na wapi. Mama muuza vitumbua akaacha karai lake, akanimwagia maji kwenye kiwiko. "Pole mwanangu. Umevunjika?" Sikuwa nimevunjika. Ringi la mbele ndilo lililopinda, likawa halizunguki. Linafika kwenye breki linagoma. Nikatazama saa, nikafikiria lile daftari, machozi yakanitoka. Si ya maumivu. Ya hasira.

Nyuma ya watu nikasikia sauti: "Nipisheni hapo."

Alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kaptula imeshona vumbi jeusi, na baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa: mawili ubavuni, moja limelala juu, yote yamekazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Fremu ilikuwa imeongezewa nondo kwa kuchomelewa. Wenye baiskeli za mkaa hawasimami ovyo, maana kuuondoa tena mzigo ule ni kazi kuliko kuusukuma. Huyu alisimama. Aliuegemeza kwa gongo lake, akalitikisa kuhakikisha limekita, kisha akaja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Lete."

Akafungua nati kwa spana aliyoitoa kwenye kitambaa kiunoni, akalitoa tairi, akalilaza kwenye ukingo wa lami na kulikanyaga. Akaliinua, akalizungusha mbele ya jicho moja, akalikanyaga tena pengine. Spoku mbili zilizolegea akazikaza kwa vidole. Watu wote walinyamaza, hata yule wa spika. Aliporudisha tairi lilikuwa linayumba, lakini linapita.

"Litafika mjini. Breki ya mbele usiishike. Wapi?"

"Posta."

"Mimi Chang'ombe. Kaa nyuma yangu, usinipite."

Nikakaa nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuendesha katika jiji hili, magari yalinipisha. Ilinichukua muda kuelewa sababu. Mwenye gari dogo haogopi kumgonga mtu wa baiskeli kama anavyoogopa kuchubua rangi ya mlango wake kwenye nondo, au kupakwa mkaa. Waliona magunia yale, wakahama wenyewe. Mzee hakuwa na kengele wala kioo, na hakugeuza shingo hata mara moja. Alikuwa anaongea huku ametazama mbele, na mimi namsikiliza kupitia gunia.

"Dereva usimtazame usoni. Atakutazama, atatabasamu, halafu atakugonga. Tazama tairi lake la mbele. Hilo halina uongo."

Na baadaye kidogo: "Lori likisimama, kushoto kwake usiingie. Hata kama kuna nafasi. Hasa kama kuna nafasi."

Nimesoma hadi chuo, nimepita shule zenye mabango ya usalama barabarani ukutani, na hayo mawili hakuna aliyewahi kuniambia.

Tulipokaribia TAZARA, ving'ora. Msafara unatoka uwanja wa ndege. Waendao mjini kwa njia ile wanaijua hali hiyo: trafiki anainua mkono, kila kitu kinakufa, hujui ni dakika tano au nusu saa, na hujui anayepita ni nani. Injini zikazimwa. Makonda wakashuka kukojoa nyuma ya mabati. Wauza karanga na maji wakaingia katikati ya magari, kwao hiyo ndiyo sikukuu. Mzee akategesha gongo lake, akachuchumaa kivulini kwa mzigo wake, akatoa muhogo wa kuchemsha ndani ya karatasi, akanikatia nusu.

Alikuwa ameondoka Kisarawe usiku wa manane. Vilima vya Pugu hupandi, unasukuma, na kama mko wawili mnasukuma ya mmoja kwanza, mnarudi kwa ya pili. Ugumu wenyewe, alisema, ni kushuka. Breki za dukani haziwezi mzigo ule; unavua kandambili moja, unaibana kwenye tairi la nyuma kwa mguu, na unaomba Mungu. Alinionyesha kandambili yenyewe. Ilikuwa imeliwa katikati mpaka unaona upande wa pili. Halafu kuna watu wa maliasili, ndio maana ya kusafiri usiku. Wateja wake walikuwa mama lishe na vijana wa chipsi wa Chang'ombe na Keko, na wote walitaka mkaa kabla jua halijachomoza sawasawa. Akichelewa wananunua kwa mwingine.

"Basi nimekuchelewesha," nikasema.

Akatafuna. "Huyu anayepita na ving'ora ndiye aliyenichelewesha." Kisha akaiangalia keria yangu. "Na wewe unapeleka nini mjini?"

"Najipeleka mwenyewe."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mzigo mwepesi huo."

Msafara ukapita, magari meusi, vioo vyeusi, hatukumwona mtu. Barabara ilipofunguliwa wote walitaka kuwa wa kwanza kuingia kwenye kile kinjia, na hapo nikaona kazi ya mtu anayeijua kazi yake. Hakugombania. Alisubiri lori la kontena lianze kujivuta, akaingia nyuma yake, karibu kiasi cha kugusa bamba, na lori likatufungulia njia hadi ng'ambo huku Kosta zikipigiana honi kulia na kushoto. (Barabara ile ya juu ilizinduliwa Septemba 2018, ikaitwa Mfugale. Magari yanapita juu raha mustarehe. Mimi na baiskeli bado napita chini, na malori yako palepale.)

Pale Chang'ombe ilibidi akate kulia, na kukata kulia na magunia matatu kwenye barabara ile ni kama kuvuka mto wenye mamba. Akashuka. Nikaona zamu yangu imefika. Nikaitia baiskeli yangu mlalo katikati ya njia, nikasimama mbele ya teksi moja, nikainua mkono kama nilivyomwona trafiki akifanya. Dereva alinitukana matusi ambayo sijayasikia tena. Nikatazama tairi lake la mbele. Halikusogea. Mzee akavuka, akainua kiganja bila kugeuka, akapotelea kati ya magari. Jina sikumuuliza.

Nilifika Posta nimechelewa, mkono wa kushoto una damu iliyokauka, na bega zima jeusi. Wakati wa kula muhogo nilikuwa nimeegemea gunia. Uso sikuwa nimeuona. Mlinzi aliuona. Alisimama getini, akanikagua kuanzia juu hadi chini, safari hii bila kioo.

"Dada. Leo umebeba mkaa?"

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikamweleza kwa kifupi: nimegongwa, kuna mzee wa Kisarawe amenisaidia, nimekuja naye hadi Chang'ombe.

Sura yake ikabadilika. "Mkaa wa Kisarawe? Anauza gunia?"

"Anauza gunia."

Mkewe, kumbe, anakaanga chipsi Buza, na mkaa wa kupima kwa kopo unammaliza. Akataka namba ya mzee. Nikamwambia sina. Akauliza kama kesho nitakutana naye. Nikasema njia ni hiyohiyo moja. Akafikiri, akatazama nyuma kama kuna mkubwa anayemwona, akafungua geti dogo.

"Iingize. Iweke kule nyuma ya jenereta, ifunge vizuri. Na huyo mzee usimsahau."

Daftarini niliandikwa. Lakini baiskeli ililala ndani, na kesho yake ililala ndani, na utaratibu haukutajwa tena. Kila asubuhi aliniuliza, "Vipi mzee wetu?" na kila asubuhi nilikuwa na jibu: leo hakupita, leo nimemwona kwa mbali, leo nasikia maliasili wako Pugu. Mwishowe nikasimamisha muuza mkaa mwingine pale Kipawa, kijana, nikachukua namba yake nikampa. Mkewe alinunua gunia moja na kusema lina chenga nyingi.

"Huo si wa yule mzee," nikamwambia mlinzi. "Wa yule mzee ni mti mtupu. Tumsubiri."

Akakubali tumsubiri.