Vazi la Ndugu Yako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Kumbukumbu la Torati 22:1-3. Ni aya tatu zinazotaja ng'ombe, kondoo, punda, na vazi lililopotea. Vazi linatuhusu sana Juni na Julai, baridi ya Mbeya na Iringa inapomfikisha mtu uwanjani na fulana, sweta na jaketi. Akiingia chumba cha kubadilishia nguo anavua vyote, anavitundika kwenye msumari mmoja, simu ikiwa mfuko wa ndani wa jaketi. Mchezo ukiisha jua limeshachomoza na mwili umechemka. Anatoka na begi, jaketi linabaki ukutani. Hadi hapo hakuna mwizi.

Dawa yake ni mpangilio. Simu, funguo na pochi viingie mfuko wa zipu wa begi kabla hujavua hata kiatu. Vilivyofichwa ndani ya soksi humwagika mtu mwingine akisogeza viatu vyako. Pete na saa ziache nyumbani, maana ukinawa kwa sabuni pete inateleza na kufuata maji. Kama kuna makabati, nenda na kufuli lako, lakini ukague bawaba na komeo. Skrubu zikiwa nje, bisibisi inatosha. Na kufuli ndogo za bei rahisi, jaribuni funguo zenu ninyi kwa ninyi: mara nyingine ufunguo wa mwenzako unafungua lako.

Timu nyingi humweka mtu wa kulinda nguo. Ni jambo jema, ila bao likifungwa naye hukimbilia nje kushangilia, kwa hiyo wawekeni wawili wapokezane. (Tukumbuke pia kwamba kijana aliyewekewa nguo miguuni katika Matendo 7:58 ni Sauli. Nguo zilikuwa salama. Stefano alikuwa anapigwa mawe.)

Turudi kwenye Torati, maana uzito wake uko kwa aliyeokota. Aya ya pili inasema kama mwenyewe yuko mbali, au humjui, mpeleke mnyama nyumbani kwako akae hadi atakapotafutwa. Ng'ombe anakula. Anahitaji majani, maji na mtu wa kumchunga, na Torati haitaji malipo. Kutangaza tu kwenye kundi la simu kwamba umeona ng'ombe wa mtu hakutoshi.

Simu iliyookotwa inakula chaji. Usiizime, ichaji, iache iite, upokee. Taulo na jezi mbichi vianikwe kwanza, kwa sababu kwenye ukungu wa huku nguo iliyofungwa mbichi kwenye mfuko huota kuvu. Fungua pochi mbele ya shahidi, hesabuni fedha, andikeni kiasi, tarehe na mahali. Ukitangaza, sema "jaketi" na uishie hapo. Rangi, saizi na kilichomo mfukoni ataje anayelidai. Ukirusha picha nzima umempa kila mtu majibu ya mtihani.

Aya ya tatu inatukataza kujifanya hatukuona. Wengi hatuchukui cha mtu, ila tunakiruka tukijiambia mwenyewe atarudi, na anayeingia nyuma yetu ndiye anakibeba.

Aliyepotelewa na simu naye aanze na laini. Azima simu, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako laini ifungwe, kwa kuwa fedha ziko humo. Kisha benki wafunge kadi, ndipo polisi kwa taarifa ya upotevu, ambayo utaulizwa ukifuatilia vitambulisho. Kurudisha laini utahitaji namba ya NIDA na alama ya kidole. Leo hii, kabla ya lolote, bonyeza *#06# na uandike zile tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Simu ya laini mbili ina namba mbili. Ukurasa wa mwisho wa Biblia unafaa, ila Biblia hiyo isikae kwenye begi moja na simu.

Kwa wenye bonanza Jumamosi, someni pia Kutoka 23:4, panapotajwa ng'ombe wa adui. Jaketi la timu iliyowafunga mabao manne nalo lianikwe.