Nilivyounganisha picha tatu ili uzi mmoja uonekane

Cherehani ya mama imekaa chini ya dirisha tangu sijazaliwa, na kwa muda mrefu nilitaka kuipiga picha kama ninavyoiona nikiingia chumbani asubuhi: chuma cheusi kinachong'aa kidogo mgongoni, kipande cha kitambaa kilichoachwa chini ya sindano, na nyuma yake, nje ya kioo, mti wenye majani mabichi. Macho yangu yanaviona vyote kwa mara moja. Kamera ilikataa. Nikipima mwanga kwenye cherehani, dirisha linaungua na kubaki bati jeupe lisilo na mti wala anga. Nikipima dirishani, mti unatoka safi, cherehani inazama gizani.

Siku moja niliamua kupima tofauti yenyewe badala ya kuikisia. Kamera juu ya tripodi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8. Mti ulitoka vizuri kwa shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde. Kuyasoma maandishi ya dhahabu yaliyofifia ubavuni mwa cherehani kulihitaji sekunde nzima. Hiyo ni tofauti ya mara 250, karibu stopu nane, maana kila stopu ni mwanga maradufu wa ile iliyotangulia. Juu ya hapo kuna weupe wa mawingu, na chini yake kuna giza la uvunguni mwa meza. Nilijaribu kulinyanyua giza kwenye faili moja la RAW (data ghafi ya kamera) lililopigwa kwa ajili ya dirisha. Maandishi yalijitokeza, ila yalijaa chembechembe za rangi kama mchanga uliomwagwa juu ya chuma. Hapo ndipo nilipokubali kwamba picha moja haitoshi.

Nilipiga tano: 1/250, 1/60, 1/15, 1/4 na sekunde 1. Katika mfululizo kama huu kinachobadilika ni shata peke yake, na sababu yake nimeijua kwa kuumia. Ukibadilisha tundu la lenzi, kina cha fokasi (umbali unaotoka wazi pichani) kinabadilika, na ukingo wa kitu kimoja hautalingana katika picha mbili. Fokasi ya kiotomatiki ikiachwa wazi inaweza kuhama kutoka sindano kwenda dirishani katikati ya kazi. Mara ya kwanza nilisahau urari wa weupe, yaani mpangilio unaosawazisha rangi ya mwanga, nikaiacha kamera ijiamulie. Faili za JPEG zikatoka moja ina ubuluu, nyingine imeelemea rangi ya chungwa, nami nikapoteza jioni nzima kuzilinganisha. Sasa naufunga kabla ya kugusa kitu kingine. Nazima pia kizuia mtikisiko cha lenzi kamera ikiwa kwenye tripodi, na natumia kihesabu cha sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise kamera.

Kisha nikazitia picha zote tano kwenye programu inayounganisha yenyewe. Ilimaliza haraka sana, na niliyatazama matokeo kwa huzuni. Kila kitu kilionekana, lakini chumba hakikuwa tena na upande wa mwanga na upande wa kivuli. Uvungu wa meza ulikuwa mweupe karibu sawa na kioo. Kuzunguka fremu ya dirisha palikuwa na utando wa kijivu unaowaka, ule ambao ukishaujua unauona kila mahali. Pazia, ambalo upepo ulilisogeza kidogo kati ya picha na picha, lilikuwa na kingo tatu.

Programu ilikuwa imefanya nilichoiomba. Ombi ndilo lililokuwa na kasoro. Nilitaka kuona kila kitu, ilhali nikiwa chumbani sioni kila kitu: naona dirisha lenye nguvu, na cherehani iliyo nusu kivulini inayonilazimu kukaribia. Kivuli kile ni sehemu ya picha. Nikaitupa ile ya sekunde 1 na ile ya 1/15, nikabaki na tatu.

Nilifungua GIMP, programu ya kuhariri picha, nikaiweka ya 1/60 chini kama msingi. Juu yake nikaweka leya (tabaka la picha) ya 1/250 kwa ajili ya dirisha, na juu kabisa ile ya 1/4 kwa ajili ya cherehani. Kila leya ya juu nikaipa maski. Palipo peupe kwenye maski, leya inaonekana. Palipo peusi, inajificha. Kijivu ni katikati. Kwa cherehani nilianza na maski nyeusi tupu, nikashika brashi laini kwa nguvu ya asilimia 10, nikapaka cheupe kidogo kidogo, nikifuata mgongo wa chuma na yale maandishi. Brashi ya asilimia 10 inakupa nafasi ya kusita. Mwisho nikaushusha uonekano wa leya nzima hadi asilimia 60, kwa sababu bado chuma kiling'aa kuliko nilivyokikumbuka.

Dirisha ndilo lililonichosha, kwa sababu ya uzi. Kuna uzi mwekundu unaoshuka kutoka juu ya cherehani hadi kwenye tundu la sindano, na kwa urefu wa kama kidole unapita mbele ya kioo. Kwenye picha ya 1/4 mwanga umeumeza, haupo. Kwenye ya 1/250 upo, mweusi kama unywele. Kwenye ya 1/60 tu ndiko ulikokuwa mwekundu. Upana wake ulikuwa pikseli nne. Hakuna mkono unaoweza kupaka brashi kuuzunguka; nilijaribu mara tatu, na kila mara ulipata pete nyeupe pande zote mbili.

Katikati ya miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akichapa picha za bahari kutoka kwenye negativu mbili, moja ya maji na moja ya anga, kwa kuwa kemikali za wakati ule zilipokea mno rangi ya buluu na anga likaungua. Yeye alizikutanisha kwenye mstari wa upeo wa macho. Nilimfikiria sana usiku ule, nikitamani na mimi ningekuwa na mstari ulionyooka.

Ufumbuzi ulikuwa kuiachia picha yenyewe ichore maski. Niliinakili ile ya 1/60, nikaiondoa rangi, nikaibandika kwenye maski ya leya ya dirisha. Anga lililokuwa jeupe likafungua leya ya 1/250, na mti ukarudi na majani yake. Uzi, uliokuwa hafifu kuliko anga nyuma yake, ukabaki mweusi kwenye maski, hivyo wekundu wa picha ya msingi ukapenya. Nikaikaza maski kwa kurva, chombo cha kuongeza tofauti ya weupe na weusi, kisha nikaitia ukungu wa pikseli 2 tu. Nilijaribu 40 kuona kitakachotokea: uzi ulifutika ndani ya maski na ule utando wa kijivu ukarudi kwenye fremu ya dirisha. Kwa pazia nilipaka maski cheusi kabisa, lote litoke kwenye picha moja, hata kama ukingo wake mmoja umeungua kidogo. Naupenda ulivyo.

Faili nimelihifadhi na leya zake zote, bila kuziunganisha. Mama alipoletewa picha iliyochapishwa aliisogeza karibu na dirisha lilelile, akaweka kucha pale uzi unapoingia kwenye sindano, akaniambia ule ulikuwa uzi wa gauni la dada yangu.