Mizani Saba

Likizo ya Agosti 2009 Madam, mwalimu wetu wa Kiingereza, alitufungasha mzigo: karatasi kumi na mbili zilizopigwa chapa kwa mashine ya shule, wino umefifia upande mmoja, kila karatasi na kazi ya Kiingereza ya kumaliza kabla hatujarudi. Tulikuwa kidato cha nne. KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kenya, ilikuwa imebisha hodi.

Kiingereza cha KCSE kilikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza, alama 60: uandishi wa kiuamilifu, kifungu chenye mapengo kumi, na maswali ya matamshi na mazungumzo. Ya pili, alama 80: ufahamu, dondoo la kitabu, ushairi au hadithi simulizi, sarufi. Ya tatu, alama 60: insha moja ya kubuni na mbili za vitabu. Uandishi wa kiuamilifu haukunitisha. Ukishajua anwani inakaa kona gani na sahihi inakuja wapi, umeshavuka nusu. Muhula uliotangulia tulitakiwa tuandike maelekezo ya upishi, nikaandika ya mahamri, nikapata 18 kwa 20, mimi ambaye sikuwahi kukanda unga hata siku moja. Nilikwenda jikoni nikamuuliza binti aliyekuwa akitusaidia kazi nyumbani. Akanieleza kuanzia hiliki mpaka namna ya kujua mafuta yameshika moto, nami nikatafsiri. Alama nikachukua mimi.

Insha ya kubuni nilikuwa naiiba. Nilikuwa na daftari dogo limejaa mianzo mizuri mizuri niliyoinakili kwa wenzangu na kwa ndugu zao waliotutangulia: jua linachomoza kwa madaha, ndege wanaimba, anga samawati haina hata wingu. Nilibandika mwanzo huo kwenye kila kisa, hata kisa cha mafuriko. Madam alipigia mstari lile anga langu akaandika pembeni: "Sasa mvua imetoka wapi?" Nilikasirika siku mbili. Nilidhani hajui uzuri.

Ushairi ndio ulionishinda kabisa, na hilo lilinitia aibu kuliko kufeli hisabati. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Huku mashairi hayatafutwi vitabuni tu. Shairi la Kiswahili nililisikia kabla sijajua kusoma. Mpe mtoto wa mtaani kwetu ubeti wenye kina kilichopotoka, atakucheka kabla hujamaliza. Lakini shairi la Kiingereza lilikuja limevaa nguo nisizozijua. Mshororo mmoja mrefu, mwingine neno moja, vina mara vipo mara havipo, halafu swali linauliza "msemaji ana mtazamo gani?" Nitajuaje mtazamo wa mtu nisiyemwona? Mbinu yangu ilikuwa kuruka shairi, kwenda moja kwa moja kwenye maswali, kisha kurudi kuwinda maneno yanayofanana na swali. Madam alikuwa akisema tusome mara tatu kabla ya kushika kalamu. Nilimwona mtu mwenye wakati mwingi.

Basi siku za mwanzo za Ramadhani, jioni moja baada ya alasiri, nilitoka na karatasi yangu ya tano barazani. Ndani hakukaliki. Mwaka ule ukame ulikuwa mkali, mabwawa ya Mto Tana yamepungukiwa maji, na umeme ukawa wa mgao. Feni imesimama tangu asubuhi. Babu alikuwa barazani na kikoi na tasbihi yake. Alikuwa ameuza nafaka na viungo katika soko la Marikiti kwa miaka mingi, na Kiingereza chake kilikuwa cha bei na salamu tu. Lakini Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alikuwa naye kichwani, beti kwa beti, na alimtaja kana kwamba walikuwa wakisali msikiti mmoja, ingawa Muyaka alikufa karne ya kumi na tisa.

"Wasoma nini?"

"Shairi, babu. La Kiingereza."

"Waingereza nao wana mashairi?" Aliuliza kwa dhati, si kwa dharau. Nikaanza kumfasiria: kuna msichana aitwa Atieno, yuwaosha vyombo...

"Ngoja, ngoja. Wafasiri nini na mimi sijasikia? Nisomee kwanza."

Lilikuwa shairi la Marjorie Oludhe Macgoye, mama aliyezaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, akaja Kenya 1954, akaolewa na Mjaluo na kubaki huku mpaka kufa kwake mwaka 2015. Hayo nimeyajua baadaye sana. Wakati ule lilikuwa jina refu tu chini ya shairi. Lenyewe linaitwa wimbo wa uhuru. Nikasoma mshororo wa kwanza: Atieno washes dishes. Babu akafumba macho. Nikasoma wa pili, na wa tatu. Nikaona vidole vyake vinatembea juu ya goti.

"Rudia ule wa pili. Umetia nini pale?"

Nikarudia. Ni ule wa Atieno kumnyonyoa kuku.

"Tisa," akasema. "Wa kwanza nane, huu tisa. Kakosea yeye au wewe?"

Nikatazama karatasi. Nilikuwa nimetamka "plaksi". Mdomo wa Kiswahili haupendi neno liishie kwa konsonanti, huliwekea irabu kama mtu anayeweka kigoda mgeni akae. "Usimtilie irabu ambazo hakuomba," akasema babu. Nikasoma tena, mara hii nikaikaba ile s. Nane. Mshororo wa tatu nane. Wa nne nane. Tena wa pili na wa nne vina vyake vinaitikiana, kuku na jikoni, kwa Kiingereza chao. Nilihesabu mizani, yaani silabi, mwenyewe kwa vidole nikidhani babu ananichezea. A-ti-e-no-wa-shes-di-shes. Nane, kama kipande cha shairi letu la tarbia. Mwaka mzima nilikuwa nikiambiwa nieleze namna mdundo ulivyopatikana, nami nikiandika "kwa kurudia maneno" na kuomba Mungu.

Mshororo wa tano ulikuwa na saba, na wa mwisho tano: Atieno yo. Babu hakujali upungufu huo. "Hicho ni kibwagizo," akasema. "Na hiyo yo ni ya mama yoo. Hapa pana msiba, haujafika tu."

Tulikuwa kwenye ubeti wa kwanza bado, na hajui neno hata moja lililosemwa.

Ubeti wa pili akaniacha nisome wote bila kunikata. Vidole vikatembea, vikasita, vikarudi. "Saba," akasema. "Saba, saba, saba. Kapunguza. Kwa nini? Yuwasema nini hapa?"

Sasa ndipo niliporuhusiwa kufasiri. Nikamwambia: hapa pasema Atieno hahitaji mshahara kwa kuwa ni mtoto wa dada yake.

"Dada ya nani?"

"Dada yake... yeye ami yake Atieno."

"Mtoto wa dada hana ami hapo. Dada ya nani, mjukuu wangu? Nakuuliza yuwasema nani?"

Nilitazama karatasi. Swali la kwanza kabisa, alama mbili, lilikuwa: nani anayezungumza katika shairi hili? Nilishalijibu mchana. Niliandika ni Atieno mwenyewe, msichana maskini, amejaa huzuni. Nani mwingine angeimba wimbo wa uhuru wake? Lakini pale kwenye mshororo paliandikwa my, dada yangu. Nilikuwa nimelipita neno hilo la herufi mbili mara zote kama mtu apitavyo jiwe la mtaani kwao. Tena Kiingereza kina neno moja la mjomba na ami, na mimi nikachukua lililonijia kwanza. Babu hakuweza kuchukua lolote. Kwake mjomba ni mjomba. Mtoto akipigwa kwao hukimbilia wapi?

"Mjomba," nikasema. "Anayezungumza ni mjomba wake."

"Mjomba!" Akaifungua mikono. "Na kaweka mtoto wa dadake jikoni, hamlipi, na yuwaimba?"

"Ndiyo, babu. Mkewe akae ashone nguo."

Babu akanyamaza. Ndani kulikuwa na sauti ya mbuzi: nazi ya kuunga mbaazi ilikuwa ikikunwa, kwaru, kwaru, na ilipokoma nikasikia maji yakimiminwa na kifuu kikitupwa. Kisha babu akacheka kicheko kidogo cha puani, cha mtu wa Marikiti. "Mtoto kapunjwa ujira, na ubeti nao kapunjwa mizani. Nane akihesabu kazi, saba akifika kwenye kulipa. Huyu mama ajua kupima."

Sijui kama Macgoye alikusudia hivyo. Wala sijali sana. Mpaka leo sijasoma uchambuzi wa shairi lile ulionikaa kichwani kama huo wa muuza nafaka asiyejua Kiingereza.

Tuliendelea mpaka mwisho. Mjomba anamlalamikia msichana kuwa mwivu, anatamani viatu na shanga za watoto wake. Anauliza kwani hana shukrani, na yeye analipa ada ya chama. Msichana anakawia sokoni. Anapata mtoto, kwa hiyo ni mbaya. Anakufa kwa damu ya uzazi, na matangani panaliwa nyama na sukari kuliko vyote alivyokula yeye maishani. Niliuliza kwa nini basi linaitwa wimbo wa uhuru. Babu akasema, "Mtu akijisema mwenyewe asijijue, wewe huna haja ya kumtukana. Mwache aimbe." Kisha mwadhini akaanza, na tende zikaletwa barazani kwenye sinia pamoja na uji, na aliyezileta akarudi ndani kwa pazia.

Shule ilipofunguliwa niliwasilisha majibu mapya. Kwenye kinaya niliandika alichosema babu, nikakipamba kidogo. Kwenye mdundo nilichora hesabu yote, nane nane, saba saba. Madam alisimama mezani kwake akisoma, na nikaona kidole gumba chake kinagusa vidole vingine kimoja kimoja, chini chini, kama mtu anayehesabu riali. Mwongozo wa kusahihishia ulitaka vina, takriri na kibwagizo tu; mizani haikuwamo. Akanipa alama za hayo matatu, na ile hesabu yangu akaizungushia duara bila kuipa chochote. "Mtihani wa taifa usiandike hivi," akasema. "Atakayekusahihishia hatakuwa na wakati." Kisha akaniuliza nani kanifundisha, nikasema babu yangu, na darasa likaangua kicheko kwa sababu walidhani natania.

Lakini nimeruka jambo, na ndilo hasa linalonirudisha kwenye jioni zile.

Mwezi huo huo wa Agosti kulikuwa na sensa. Usiku wa kuamkia tarehe 25 ndio uliohesabiwa nchi nzima: nani alilala wapi. Karani wa sensa alifika kwetu siku iliyofuata, kijana wa mtaa wa nyuma mwenye mkoba begani, akaketi barazani, mama akajibu kutoka mlangoni. Babu, mama, mimi, wadogo zangu wawili. Majina, umri, uhusiano na mkuu wa kaya.

"Mwingine aliyelala hapa?"

"Yuko msichana," mama akasema. "Mpwa wangu, kutoka Kinango."

Ilikuwa kweli kwa hesabu ya mbali: mtoto wa binamu yake. Alikuwa nasi mwaka wa pili. Alikula tulichokula, Idi alishonewa nguo kama sisi, na mama alikuwa na nia ya kumpeleka akajifunze cherehani akikua kidogo. Nayaeleza haya kwa sababu ni kweli, na ninaposikia ninavyoyaeleza nakumbuka mshororo wa mjomba.

"Umri?"

Mama akafikiri. "Kumi na sita. Kumi na saba?" Akanigeukia mimi. Sikujua. Babu hakujua.

"Kumi na tatu," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mwezi wa kumi na mbili natimiza kumi na nne."

Karani akaandika 13. Akauliza kama anakwenda shule. Mama akajibu hilo haraka, nikasikia karatasi ikigeuzwa. Kisha akauliza habari za maji, choo na redio, akaaga.

Babu alibaki ameshika tasbihi bila kuivuta. Baada ya muda akaniuliza, bila kugeuza shingo, "Lile shairi lako. Pale alipokuwa akikawia sokoni, mtoto yule alikuwa na miaka mingapi?"

Nikamwambia sikumbuki.